Nimeahidiwa kufundisha Kiingereza China kwa viza ya M, "nyengine utabadilishiwa hukohuko". Ni halali?

mwalimu_wete

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Naomba wanisaidie wanaozijua taratibu hizi kwa uhakika. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza skuli ya sekondari ya Serikali hapa Wete, shahada ya ualimu kutoka SUZA, miaka minne kazini, na cheti cha TEFL (cha kufundisha Kiingereza kwa wageni) cha saa 120 cha kusoma kwa intaneti. Paspoti ya Tanzania ninayo, mpya.

Kuna wakala kaniunganisha na kituo cha kufundishia watoto huko China. Mkataba umeshaletwa: yuani 12,000 kwa mwezi, saa 25 za darasa kwa wiki, chumba juu yao, tiketi nijilipie kwanza wanirudishie baada ya miezi sita. Wakala anataka shilingi 2,500,000 za usajili kabla ya mwisho wa mwezi. Anasema viza ya kazi inachukua muda, kwa hiyo nitaingia kwa viza ya M, nianze kazi, halafu kituo kitanibadilishia.

Maswali yangu. Hiyo M inaniruhusu kufundisha? Kuna Mtanzania anayepewa kibali halali cha kufundisha Kiingereza huko, au hilo halipo kabisa? Kama China haiwezekani, wapi panawezekana? Na vyeti vyangu, kuanzia cha kuzaliwa mpaka shahada, nivipitishe wapi nikiwa huku Pemba?

karafuu_kavu

Waalaykum salaam maalim. Hiyo pesa usiitoe kwanza.

M haikuruhusu kufundisha hata saa moja. Ni viza ya mtu wa biashara: kukagua mzigo, kwenda kwenye maonyesho, kusaini manunuzi. L ni ya utalii, F ya ziara na kubadilishana ujuzi, X ya masomo. Ya kazi ni Z. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni anayefanya kazi awe na vitu viwili kwa pamoja, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi kilichotolewa kwa ajili ya kazi. Ukikosa kimoja, kazi yako ni haramu hata kama mkataba una mihuri mitano na mshahara unaingia benki kila mwezi.

Adhabu imeandikwa. Mfanyakazi hutozwa yuani 5,000 hadi 20,000, na kosa likihesabiwa zito hutiwa ndani siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Tena kuna kurudishwa kwao. Mwajiri hutozwa yuani 10,000 kwa kila mgeni, jumla isipindukie 100,000. Kituo chenye wanafunzi wa kutosha kitalipa na kesho yake kitafungua mlango kama kawaida. Wewe umepoteza kazi, tiketi na jina lako kwenye kompyuta zao.

Sasa kwa nini wanakupa M? Wakala anakwambia ni kwa sababu ya haraka. Siyo. Wanajua Z kwa kazi hiyo, kwa paspoti hiyo, ni vigumu kutoka. Taratibu za China zinasema mwalimu wa lugha ya kigeni, kwa msingi, afundishe lugha yake ya kuzaliwa, awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka miwili wa kufundisha lugha. Mwenye shahada ya ualimu au cheti cha kufundisha lugha husamehewa ile miaka miwili. Hapo watu hujichanganya: wanadhani TEFL inasamehe kila kitu. Inasamehe uzoefu, haisamehi lugha ya kuzaliwa. Kwa Kiingereza, nchi ambazo ofisi zao huzikubali bila mjadala ni Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Afrika Kusini imo, kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni suala la Mwafrika na Mzungu, wanatazama paspoti. Mtanzania mwenye shahada aliyoisomea katika mojawapo ya nchi hizo huwa na pa kushikia katika baadhi ya miji. Mwenye shahada ya SUZA, kwa kazi ya mwalimu wa Kiingereza, mlango ni mwembamba mno.

Mlango ulio wazi zaidi kwa mwalimu wa kwetu ni wa somo jengine. Skuli za kimataifa zinaajiri walimu wa hisabati, fizikia au jiografia wanaofundisha kwa Kiingereza, na hapo sharti la lugha ya kuzaliwa halimhusu. Angalia shahada yako ina somo gani la pili.

Njia halali ya Z inakwenda hivi. Mwajiri mwenye ruhusa ya kuajiri wageni ndiye anayeanza, kwenye mfumo wa serikali yao. Wewe unamtumia nakala za shahada, cheti cha tabia njema cha polisi, barua za uzoefu, fomu ya uchunguzi wa afya, paspoti na mkataba. Akikubaliwa, mfumo unatoa hati inayoitwa Taarifa ya Kibali cha Kazi cha Mgeni. Hiyo ndiyo karatasi ya kumdai wakala. Ina jina lako, namba ya paspoti, jina la mwajiri na aina ya kazi. Unaipeleka ubalozi wa China ndipo unapobandikiwa Z. Ukifika unajiandikisha polisi ndani ya saa 24 (hoteli hukuandikia, ukilala nyumbani kwa mtu ni juu yenu wawili), mwajiri anashughulikia kibali cha kazi chenyewe, unapimwa afya tena, halafu kabla siku 30 hazijatimia unaomba kibali cha ukaazi.

Stika ya viza isome mwenyewe. Ya Z imeandikwa Z kwenye aina, 01 kwenye idadi ya kuingia, na kwenye siku za kukaa kuna sifuri tatu, 000. Zile sifuri zinawatisha watu, kumbe ndivyo inavyotakiwa: maana yake siku zako hazikuhesabiwa kwenye viza, zitahesabiwa kwenye kibali cha ukaazi utakachochukua ndani ya hizo siku 30. Ukiona 30 au 60 pale kwenye siku, na herufi ni M au L, umeshikishwa viza ya kutembea.

mwalimu_wete

Ahsante sana. Nimemuuliza wakala kuhusu hiyo Taarifa. Amejibu mambo mawili. Kwanza, wako Waafrika wengi wanafundisha Kiingereza huko na hawajaguswa. Pili, nikishikilia Z, kuna skuli "rafiki" inaweza kuniombea kwa jina lake, halafu nikafanye kazi kwenye kituo chao.

karafuu_kavu

Hilo la pili ni kosa lilelile kwa nguo nyengine. Kibali cha China kimefungwa kwa mwajiri aliyeandikwa na kazi iliyoandikwa. Skuli A ikikuombea, ukionekana darasani kwenye kituo B, sheria inakuhesabu umefanya kazi nje ya mipaka ya kibali, na hiyo nayo ni kazi haramu kwa maneno ya sheria yenyewe. Ubaya wake zaidi ni kwamba huna wa kumshitaki. Kituo B kisipokulipa, mkataba wako unaotambulika ni wa skuli A ambayo hukuifundishia hata siku moja.

La kwanza ni kweli wako. Wako wa aina tatu: wenye kibali cha kazi nyengine, wanafunzi wa viza ya X wanaofundisha kwa siri, na wa M kama utakavyokuwa wewe. Kutoguswa jana si ruhusa. Na tangu Julai 2021 China iliposhuka kwa nguvu juu ya vituo binafsi vya masomo ya ziada, vituo hivyo ndivyo vinavyotembelewa na wakaguzi kuliko skuli. Kanuni hizo hizo ndizo zilizokataza kuajiri walimu walioko nje ya China kufundisha watoto wao kwa intaneti, kwa hiyo akija mtu na kazi ya kufundisha watoto wa Kichina ukiwa Wete, jua pia inatoka wapi.

bi_chwaka

Mwanangu, mimi nitakujibu la vyeti, maana hapo ndipo wengi wa kwetu wanapokwama hata wakipata mwajiri wa kweli.

Anza na jina. Toa vyeti vyote uviweke juu ya meza: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita, shahada, kitambulisho, paspoti. Soma jina herufi kwa herufi. Kwetu mtu mmoja anaandikwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamis kwenye cha NECTA, Hamisi kwenye shahada, na sote tunaona ni jina moja. Ofisa wa Beijing au Bangkok haoni hivyo. Anaona watu watatu. Mwengine shahada ina majina mawili na paspoti ina matatu, jina la babu limeingia. Sahihisha kabla hujapiga muhuri hata mmoja. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, linaanzia kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA, ambao kwetu ndio wenye kazi hiyo. RITA ni ya Bara, usipoteze nauli. Likiwa kwenye cheti cha mitihani ni NECTA, na kwenye shahada ni ofisi ya usajili ya chuo. Kisichosahihishika, nenda kwa wakili akuandikie hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, ayataje yote kama yalivyoandikwa, na hati hiyo itembee pamoja na vyeti kwenye kila dirisha.

Pili, lamineti. Najua tunavipenda vyeti vyetu, shahada ikitoka tu inapelekwa stesheneri kutiwa plastiki isiliwe na unyevu. Cheti kilichotiwa plastiki hakipokei muhuri. Kukichana ni kukiua, karatasi inang'oka na wino. Kama chako kimeshatiwa, omba chuo kikupe nakala iliyothibitishwa au cheti mbadala, na anza hilo mapema kwa sababu halimalizwi kwa siku moja. Kama hakijatiwa, kiache kwenye bahasha ngumu na kipakiti cha kunyonya unyevu.

Tatu, mlolongo wa mihuri. China ilijiunga na Mkataba wa Apostille, wa nchi kutambuliana hati kwa muhuri mmoja, ukaanza kwao tarehe 7 Novemba 2023, na walimu wa nchi nyengine wanasimulia kwamba siku hizi muhuri ni mmoja tu. Huo ni wa nchi wanachama kwa wanachama. Tanzania haimo, kwa hiyo sisi tunapita njia ndefu: chuo au wakili athibitishe cheti, kisha Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Utaratibu haurukwi. Ubalozi hautambui saini ya wakili wa Chake, unatambua saini ya ofisa wa Wizara ambayo sampuli yake wanayo. Ukitangulia ubalozini unarudishwa, na kwa mtu wa Pemba kurudishwa ni boti mbili na kulala Mjini. Wizara hiyo ina ofisi yake Unguja, na China na Oman zina balozi ndogo Unguja, basi piga simu kwanza uulize kama wanapokea uthibitisho wa vyeti hapahapa au lazima Dar es Salaam, siku gani za wiki, na malipo kwa njia gani.

Nne, cheti cha tabia njema kiache mwisho. Kinachukuliwa polisi, unapigwa alama za vidole, na waajiri wengi wanakitaka kisipite miezi sita tangu kitolewe. Mtu anakimbilia kukichukua mwanzo kwa kuwa ni rahisi, halafu shahada inakwama miezi mitano, cheti cha polisi kinakufa mkononi. Shahada kwanza, polisi baadaye.

Na wakala. Anayepeleka watu nje kutoka Zanzibar anatakiwa awe amesajiliwa na Kamisheni ya Kazi. Mwombe nambari ya usajili, kisha uende wewe mwenyewe Kamisheni na mkataba wako mkononi waukague. Wakala wa kweli hakasiriki ukimwambia hivyo.

pwani_ya_kojani

Naongezea nchi nyengine, kwa kuwa dada ameuliza wapi panawezekana.

Korea Kusini ifute. Viza yao ya mwalimu wa lugha, E-2, kwa Kiingereza ni ya paspoti za nchi zilezile saba. Hakuna TEFL inayobadilisha hilo.

Japani haiangalii paspoti, inaangalia ulisoma kwa lugha gani. Kwa wale wasaidizi wa walimu skulini, masharti ya ukaazi wa Mwalimu yanataka mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza miaka 12 au zaidi. Hesabu ya kwetu: msingi tumesoma kwa Kiswahili, ingawa Zanzibar imeingiza Kiingereza kwenye baadhi ya masomo ya madarasa ya juu ya msingi. Kidato cha kwanza mpaka cha sita ni miaka sita, chuo mitatu au minne. Inafika tisa au kumi. Aliyesoma skuli ya binafsi ya Kiingereza tangu darasa la kwanza anatimiza, na aombe barua ya skuli inayosema lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Vituo binafsi vya mazungumzo hutumia ukaazi wa aina nyengine ambao kwa mwenye shahada hauna sharti la miaka 12, lakini huwezi kuhama kutoka aina moja kwenda nyengine bila kubadilisha ukaazi wenyewe. Kila hali, usipande ndege kabla ya Cheti cha Ustahiki kutoka uhamiaji wa Japani. Mwajiri ndiye anayekuombea.

Thailand ndiyo ninayoiona inamfaa mtu mwenye karatasi kama zako. Walimu wengi wa Kiingereza kule hawatoki kwenye nchi zile saba, Wafilipino kwa mfano, na wanafanya kazi kihalali. Unachohitaji ni shahada, na kama si wa nchi zile saba, matokeo ya mtihani wa Kiingereza: TOEIC alama 600 ndiyo kiwango kinachotajwa, na skuli nyingi zinataka zaidi. Fanya mtihani huku nyumbani usiende kubahatisha kule. Viza ni Non-Immigrant B, inaombwa kwa intaneti kabla ya safari, kwa barua na karatasi za skuli. Ukifika, skuli inakuombea kibali cha kazi kwenye idara ya ajira, na baraza la walimu, Khurusapha, linatoa leseni au msamaha wa muda. Shahada yako ni ya ualimu, na hapo unawazidi wengi wenye shahada za biashara, kwa sababu msamaha una mwisho na wao inabidi wasomee ualimu.

Mambo yanayowaharibia watu Thailand ni madogo. Kila siku 90 unaripoti anwani yako uhamiaji. Ukitaka kutoka nchini, hata wiki moja, chukua kwanza kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukisahau, ruhusa yako ya kukaa inakufa ukivuka mpaka na unaanza upya kabisa. Ajira ikiisha, ruhusa ya kukaa inaisha nayo, kwa hiyo tarehe ya mwisho wa mkataba ijue kama unavyoijua tarehe ya kuzaliwa. Na kufundisha kabla kibali cha kazi hakijatoka ni faini ya baht 5,000 hadi 50,000, kufukuzwa, na kutopewa kibali miaka miwili. Usisahau pia kadi ya homa ya manjano: Tanzania imo kwenye orodha yao, na chanjo ihesabiwe siku 10 kabla ya kuingia.

mtaa_wa_kikwajuni

Mbona Dubai watu wanaingia kwa viza ya kutembea na wanabadilishiwa hapohapo? Tusimtishe dada.

pwani_ya_kojani

Kaka, Falme za Kiarabu zinaruhusu kubadilisha hali ukiwa ndani, hilo ni kweli. Kisichoruhusiwa ni kuanza kazi kabla ya kibali. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza watu: wanaona mwenzao ameingia kwa viza ya kutembea, hawaoni kwamba alikaa nyumbani akingoja kibali ndipo akashika chaki. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2024, mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali anakabiliwa na faini ya dirham 100,000 hadi milioni moja, kwa hiyo skuli inayojiheshimu haikuingizi darasani kabla. Kwa skuli binafsi za Dubai, mwalimu huidhinishwa pia na mamlaka ya elimu yao, KHDA, na shahada bila mihuri yote aliyoitaja Bi Chwaka haifiki popote. Tena sheria yao ya kazi ya 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Anayekudai "pesa ya viza" kwa kazi ya Dubai anakutoza kitu ambacho sheria imeshamtwisha mwajiri.

Oman ipitie kwa makini vilevile. Viza ya ajira huombwa na mwajiri kabla hujaondoka. Sheria yao mpya ya kazi, Amri ya Kifalme namba 53 ya 2023, inaweka saa 8 kwa siku na 40 kwa wiki, majaribio yasizidi miezi mitatu, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Kwa hiyo angalia kwenye mkataba mshahara wa msingi umeandikwa kiasi gani. Wengine hugawa: msingi mdogo, posho kubwa, halafu kiinua mgongo kinahesabiwa juu ya ule mdogo. Na mkataba wa Kiarabu usomewe na mtu wako, kwa sababu wa Kiarabu ndio unaotazamwa mahakamani.

forodhani_alasiri

Nimesoma yote na naona kuna jambo halijaguswa. Maalim, kanuni hiyohiyo ya China inayokufungia Kiingereza inakufungulia lugha nyengine. Wanataka mtu afundishe lugha aliyozaliwa nayo. Wewe umezaliwa na Kiswahili, tena uko kwenye visiwa ambavyo Kiunguja chake ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa Kiswahili, wewe ndiye mwenye paspoti inayotakiwa.

Kiswahili kinasomeshwa China tangu miaka ya 1960: Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing na Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China ni viwili vya zamani. Korea, hiyo iliyofutwa hapo juu, ina Kiswahili Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni, na Japani kipo Chuo Kikuu cha Osaka. Mwalimu wa chuo kikuu Korea huingia kwa viza ya E-1, si E-2, na E-1 haina orodha ya nchi saba.

Sikudanganyi kwamba nafasi ni nyingi. Ni chache, na vyuo vingi hutaka shahada ya uzamili. Shahada yako ya Kiingereza peke yake haitoshi. Lazima uonyeshe kwamba unajua kufundisha Kiswahili kwa mgeni, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na kumfundisha mtoto wa Konde. Mtoto wa Konde anakuja na ngeli kichwani. Mgeni atakuuliza kwa nini "kiti kimevunjika" lakini "kijana amevunjika", na hutakiwi kumjibu "ndivyo tunavyosema". Umwonyeshe kwamba kijana amebeba umbo la KI lakini kwa uhai wake anachukua upatanisho wa watu. Tena kaa uyapange hayo kwa wiki kumi na mbili, kwa saa, na mazoezi ya kila saa. SUZA wana uzoefu wa muda mrefu wa kuwasomesha wageni Kiswahili, na BAKITA hutoa mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na huweka kumbukumbu za wataalamu. Cheti cha huko kina uzito kwenye maombi yako kuliko TEFL ya saa 120.

Wakati unangoja, unaweza kuwafundisha wageni Kiswahili kwa intaneti ukiwa hapohapo Wete. Huhitaji kibali cha kazi cha nchi ya mtu, kwa kuwa hukutoka kwenu. Ila mapato yaandike, kodi ya mapato ni jambo la Muungano na inakwenda TRA hata kama mwanafunzi yuko Seoul.

mwalimu_wete

Nawashukuru sana nyote. Wakala nimemwambia anitumie Taarifa ya Kibali cha Kazi yenye jina la kituo chenyewe, pesa baadaye. Hajajibu tangu juzi. Nimetoa vyeti juu ya meza kama alivyosema Bi Chwaka: cha kidato cha nne kina herufi moja zaidi ya paspoti. Swali langu la mwisho, kazi ya Serikali niiache vipi ikitokea nafasi ya Thailand?

bi_chwaka

Usiondoke kimya mwanangu. Uko chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma namba 2 ya 2011, na asiyeonekana kazini bila ruhusa anahesabiwa mtoro, akifukuzwa faili lake linabaki na doa hilo. Andika barua ya kuomba likizo bila malipo kupitia kwa mwalimu mkuu, ipande kwa ofisa wa elimu mpaka Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, ambatisha mkataba wa skuli ya nje, na usubiri jibu la maandishi. Wakikataa, ni kuacha kazi kwa notisi. Nenda na ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, uulize michango yako imefika wapi na mpango wao wa hiari, uendelee kuchangia ukiwa nje.

Hiyo herufi moja iwahi sasa, kabla ya barua. Peleka NECTA cheti cha kuzaliwa na paspoti pamoja na hicho cheti, na uweke nakala ya kila ulichokabidhi, yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa.